Watoto wanne "walioteleza bafuni": uchambuzi wa kisa cha ukatili ndani ya mahabusu ya watoto

Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya wenzangu wanaoingia na kutoka katika mahabusu za watoto: maafisa ustawi wa jamii, wauguzi, mawakili, walimu, wakaguzi. Kila kinachoweza kumtambulisha mtu au mahali nimekiondoa, na mambo machache madogo nimeyabadilisha. Mfuatano wa matukio na maamuzi tuliyofanya nimeuacha kama ulivyokuwa, yakiwemo makosa yangu. Kuna habari za kipigo na ukatili wa kingono, ingawa sikuingia kwa undani.

## Mazingira

Kituo kilikuwa na wavulana 38, wa miaka 13 hadi 17. Zaidi ya nusu yao walikuwa hawajahukumiwa, wakingoja kesi. Mchana palikuwa na walezi sita, mwalimu mmoja na muuguzi. Usiku walibaki walezi wawili, mmoja getini na mwingine mabwenini.

Kila bweni lilikuwa na nyapara, yaani mvulana mkubwa aliyeteuliwa na walezi kusimamia usafi, foleni na hesabu ya usiku ya watoto. Anayezijua mahabusu anajua hilo linaishia wapi. Mtoto anapewa madaraka juu ya watoto wenzake, na mtu mzima anajipatia mkono wa kupigia ambao haumo kwenye orodha ya watumishi.

Sanduku la malalamiko lilikuwepo. Lilitundikwa mlangoni mwa ofisi ya nidhamu, na ufunguo wake alikuwa nao msimamizi wa nidhamu. Katika kumbukumbu za miezi minane hatukukuta lalamiko hata moja, na ripoti ya ukaguzi iliyotangulia ililisifu jambo hilo kuwa ni ushahidi wa utulivu. Watoto 38, miezi minane, na hakuna aliyelalamikia hata godoro. Ukimya wa namna hiyo ulipaswa kumtia mkaguzi wasiwasi.

Mimi nilikuwa afisa ustawi wa kutoka nje, nikifika mara moja kwa mwezi. Muuguzi alikuwa mwajiriwa wa kituo. Bosi wake ndiye aliyekuwa bosi wa walezi.

## Alichokiona muuguzi

Mvulana mmoja wa miaka 14, aliyekuwa akisubiri kesi ya wizi kwa mwezi wa tatu, alianza kwenda zahanati ya kituo mara kwa mara. Leo tumbo, kesho kichwa, keshokutwa tumbo tena. Kila mara alifika jioni, na kila mara aliuliza kama anaweza kulala hapo hapo zahanati. Alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani. Mwalimu alisema amekuwa mzito darasani na anasinzia kabla ya saa nne asubuhi. Alivaa shati la mikono mirefu hata jua likiwa kali.

Dalili hizi, moja moja, hazithibitishi kitu. Mtoto aliyetenganishwa na mama yake na kufungiwa anaweza kukojoa kitandani kwa huzuni tu. Muuguzi aliliona lile ombi la kulala zahanati likijirudia, akaanza kujiuliza mtoto huyu anaukimbia usiku wa wapi.

Siku alipokubali kuinua nguo, nyuma ya mapaja kulikuwa na michubuko ya mistari miwili miwili iliyokwenda sambamba, katikati ya kila jozi ngozi ikiwa imepauka. Kwenye daftari la zahanati ilikuwa imeandikwa: "Aliteleza bafuni." Mtu anayeanguka huumia kwenye mifupa iliyo karibu na ngozi: magoti, ugoko, viwiko, kidevu, paji la uso. Nyuma ya paja ni mahali laini palipojificha, na sakafu haiachi mistari sambamba. Alama hiyo huachwa na kitu chembamba cha mviringo, kama fimbo au waya mnene, kinachoisukuma damu pembeni kinapotua. Kwenye ukingo wa nje wa mkono wa kushoto, kati ya kiwiko na kiganja, palikuwa na mchubuko mwingine. Hapo ndipo mtu hukinga anapopigwa.

Kisha muuguzi akafanya jambo ambalo ningependa kila muuguzi wa kituo alizoee. Alirudi nyuma wiki sita katika daftari lake, akaorodhesha kila jeraha, halafu akaliweka karatasi hilo pembeni ya ratiba ya zamu. Watoto wanne walikuwa "wameteleza bafuni". Wanne wote waliletwa asubuhi iliyofuata usiku wa zamu ya mlezi yule yule mabwenini. Maelezo yalifanana neno kwa neno, na mwandiko haukuwa wa muuguzi: mlezi ndiye aliyejaza sehemu ya chanzo cha jeraha kabla mtoto hajaingia ndani.

## Makosa mawili ya mwanzo

La kwanza lilikuwa la muuguzi, na alilikiri mwenyewe. Alimuuliza mvulana, "Nani kakupiga?" huku mlango uko wazi na mlezi amesimama kizingitini. Mtoto akajibu, "Niliteleza, dada." Alijibu haraka mno, kama aliyekuwa na jibu tayari. Tangu hapo palikuwa na maandishi kwamba mtoto mwenyewe alikana, na yalikuja kutumiwa dhidi yake.

La pili lilikuwa langu, tena kubwa zaidi. Muuguzi aliponipigia simu, nilimpigia mkuu wa kituo siku hiyo hiyo. Nilidhani naenda kistaarabu. Sikutaja jina la mtoto. Niliuliza tu kama amepata taarifa zozote kuhusu zamu ya usiku. Niliijua taratibu ya kutoa taarifa na niliifuata kama ilivyoandikwa: anza na uongozi.

Usiku huo mvulana alihamishiwa chumba cha peke yake. Daftari lilisema "kwa usalama wake". Alikaa humo siku tatu. Nilipokuja kujua, nilikaa garini muda mrefu kabla ya kushuka. Nilikuwa nimeutoa wasiwasi wa mtoto na kuuweka mikononi mwa watu wale wale wenye funguo za bweni lake.

Niseme wazi kuhusu chumba hicho. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 za kuwalinda watoto walionyimwa uhuru, zinazojulikana kama Kanuni za Havana, zinapiga marufuku katika kanuni ya 67 adhabu ya viboko, kufungiwa kwenye giza, kufungiwa peke yako, kupunguziwa chakula na kunyimwa mawasiliano na familia. Jina la "usalama" halikibadilishi chumba kile kile chenye kufuli lile lile. Kama mtoto hayuko salama bwenini, wa kuondolewa bwenini ni yule anayemtisha.

## Tulivyoanza upya

Tulikutana watatu: muuguzi, mimi na wakili wa msaada wa kisheria aliyekuwa akiwatetea watoto wawili pale. Tulikubaliana jambo moja kabla ya mengine yote: hatutamuuliza mtoto yeyote swali ambalo jibu lake hatuwezi kulilinda usiku wa siku hiyo. Hivyo kabla ya mazungumzo tulikwenda kwanza kwa mamlaka iliyo juu ya kituo na kwa hakimu wa mahakama ya watoto, tukiwa na ile karatasi ya muuguzi. Haikuwa na jina la mlezi wala tuhuma. Ilikuwa tarehe, zamu, majeraha na maneno yaliyojirudia. Tulipata ruhusa ya kuingia bila taarifa na kuzungumza na watoto wote.

Tulizungumza na wote 38. Watu walituuliza kwa nini tupoteze siku mbili. Sababu ni kwamba ukiita watoto wanne, bweni zima litajua ni wanne gani. Kila mtoto alikaa nasi dakika 20, mwenye la kusema na asiye nalo, na tuliwaita kwa kura, si kwa orodha. Tulitumia darasa lenye madirisha makubwa ili walezi watuone lakini wasitusikie. Siku ya kwanza kabla hatujaanza, wakili alipiga picha kila ukurasa wa daftari la matukio, ratiba za zamu, daftari la zahanati na daftari la geti.

Kwa kila mtoto nilianza na yale nisiyoweza kumwahidi. Nilimwambia: "Ukiniambia kwamba wewe au mwenzako anaumizwa, sitaweza kulifanya siri. Lakini nitakwambia nitampelekea nani, na lini." Baadhi walinyamaza waliposikia hivyo, na ni haki yao. Mtoto aliyeahidiwa siri kisha akasikia maneno yake kwingine hatasema tena na mtu mzima yeyote.

Maswali yalikuwa mapana. "Nieleze usiku wa hapa unavyokwenda, tangu mnapomaliza kula." "Halafu?" Hatukumtaja mlezi, hatukutaja fimbo wala bafu. Mtoto wa kumi na moja, ambaye hakuwa miongoni mwa wale wanne, alisema akiangalia dirishani: "Muulizeni mtu kuhusu hesabu." Baada yake, kila aliyeeleza usiku wake alifika kwenye hesabu ya usiku na kusita. Saba walisema. Nyapara ndiye aliyeshika waya, mlezi ndiye aliyetaja idadi ya mapigo.

Mvulana wa miaka 14 hakusema kitu siku ya kwanza. Aliniuliza tu kama tutarudi kesho. Nilimjibu ndiyo, saa tatu, na saa tatu tulikuwa pale. Alieleza hesabu, kisha akasema: "Halafu kuna stoo." Alisema sentensi tatu zaidi. Zilinitosha kujua kwamba alikuwa amefanyiwa ukatili wa kingono na mlezi huyo, zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho ilikuwa usiku wa kuamkia jana.

## Saa 72

Hapo niliacha kuuliza. Ulikuwa uamuzi mgumu, kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kusema na mtu hutamani asikatishwe. Lakini kila jambo jingine ambalo ningemuuliza angelazimika kulirudia kwa mpelelezi, na mahakamani tofauti yoyote kati ya masimulizi mawili ingegeuzwa kuwa uongo. Nilimwambia: "Asante kwa kuniambia. Kosa si lako. Sasa tunakwenda hospitali, na nitakuwa nawe." Nje niliandika maneno yake yale yale, yakiwa na "stoo" na kila kusita, pamoja na swali nililouliza kabla ya kila jibu.

Dawa kinga dhidi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Kwa hesabu yetu zilikuwa zimepita saa 41. Mkuu wa kituo alitaka kwanza kibali cha maandishi kutoka ngazi ya juu, na mwandikaji wa kibali hakuwepo ofisini. Wakili alimpigia hakimu, na amri ikatoka kwa simu. Kama tusingepita kwake mapema, saa zile zingetuishia getini.

Hospitalini daktari alimweleza mtoto kila kipimo kabla ya kukifanya na kumuuliza kama anakubali. Majeraha yalichorwa kwenye mchoro wa mwili na kupigwa picha yakiwa na rula pembeni. Daktari alikataa kuandika michubuko ilikuwa ya siku ngapi kwa kuangalia rangi, na alifanya vyema: rangi ya mchubuko haitoi umri wa kuaminika, na anayekisia humpa wakili wa upande wa pili silaha. Mtoto alianzishiwa dawa kinga za siku 28, matibabu ya kuzuia magonjwa ya zinaa na chanjo ya homa ya ini aina ya B.

Uchunguzi wa sehemu za siri haukuonyesha jeraha. Mkuu wa kituo alipopata habari hiyo alisema, "Mnaona sasa." Watoto wengi waliofanyiwa ukatili wa kingono hawakutwi na jeraha lolote, na daktari aliandika hivyo kwenye ripoti yake kwa sentensi moja iliyonyooka: kukosekana kwa jeraha hakupingi maelezo ya mtoto. Sentensi hiyo iliokoa mengi baadaye.

## Nani ahamishwe

Pendekezo la kwanza la mamlaka lilikuwa kumhamishia mtoto kituo kingine, mwendo wa siku nzima kutoka kwa mama yake. Lilitolewa kwa nia njema. Tulilikataa. Watoto sita wengine waliosema, waliobaki bwenini, wangejifunza kwamba anayesema huondolewa, na yeye angemeza dawa za siku 28 mbele ya walezi wasiomjua, akiwa mbali na kila mtu wake.

Tuliomba mambo mawili. Mlezi aondolewe kazini siku hiyo hiyo, upelelezi ukiendelea. Na mahakama iangalie upya kama mtoto huyu alipaswa kuwa ndani hata kidogo, maana kifungu cha 37 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinataka kumfungia mtoto liwe jambo la mwisho kabisa na la muda mfupi unaowezekana. Ombi la pili lilijibiwa haraka kuliko la kwanza: siku ya pili alikabidhiwa kwa mama yake mdogo, chini ya uangalizi wangu. Mlezi alibaki kazini siku tatu, "hadi barua ifike". Katika siku hizo tatu, kila usiku wenzangu wawili kutoka nje walilala bwenini kwa zamu.

## Matokeo

Mlezi alipatikana na hatia ya shambulio la kudhuru mwili. Kesi ya ukatili wa kingono bado inaendelea ninapoandika. Mkuu wa kituo alipewa onyo kwa kutotoa taarifa. Madaftari yalipochukuliwa rasmi wiki moja baadaye, kurasa mbili za daftari la matukio zilikuwa zimechanwa. Picha za wakili ndizo zilizosimama mahakamani. Ufunguo wa sanduku la malalamiko sasa anao mkaguzi wa nje. Vyeo vya nyapara vilifutwa kwa waraka, na waraka huo umebandikwa ukutani.

Kati ya watoto saba waliozungumza, wawili waliachiwa kabla ya mpelelezi kufika. Mmoja hatujampata mpaka leo.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kuweka daftari moja kando ya jingine. Mtoto alikuwa bado anakana, na hakuna mtu mzima aliyekuwa tayari kusema, lakini tarehe zilikuwa zimeshasema. Kazi hiyo haimhitaji mtaalamu. Angalia majeraha dhidi ya zamu, maelezo yanayofanana mno, mwandiko wa anayejaza chanzo cha jeraha, siku za kufungiwa peke yake zinazofuata ziara ya mgeni. Kama ningefanya hivyo kila mwezi, ningewaona watoto watatu waliomtangulia huyu.

Kosa langu la simu nimelifikiria sana. Nje, taratibu ya kuanza na uongozi ina mantiki. Ndani ya mahabusu, mtuhumiwa anajua mtoto analala kitanda gani, anashika dawa zake, anaamua nani amtembelee na ndiye anayeandika kilichotokea. Taarifa inayopita kwenye mikono hiyo humfikia mtesaji kabla ya msaada kumfikia mtoto. Njia ya taarifa ilipaswa kwenda nje na juu tangu dakika ya kwanza, na ulinzi wa usiku ule upangwe kabla ya neno lolote kutamkwa.

Nyapara tulimkosea. Alikuwa na miaka 16. Alipohojiwa alieleza jinsi alivyopigwa wiki mbili mfululizo hadi alipokubali kushika waya. Hata hivyo sisi sote, nami nikiwemo, tulimwandika upande wa watesaji, na kituo kikamtenga peke yake kama mhalifu mkuu. Watoto aliowapiga wanastahili kusikia ukweli huo ukitamkwa, naye anastahili kutajwa kama mtoto aliyeumizwa. Yote mawili yanakaa pamoja, na sisi tulishindwa kuyabeba kwa wakati mmoja. Msaada wa kisaikolojia alianza kuupata baada ya miezi minne.

Muuguzi alisimama peke yake kwa muda mrefu mno. Hakuna aliyemfukuza, lakini zamu zake zilibadilishwa ghafla na wenzake waliacha kumsalimia. Mtumishi wa afya anayelipwa na kituo anahitaji mlango wa kutolea taarifa usiopita kwa mwajiri wake, ulioandikwa kabla ya tukio.

Jambo la mwisho ni daftari la geti, ambalo tulilipiga picha karibu kwa bahati. Kanuni za Havana zinataka mtoto atembelewe kwa kawaida kila wiki, na isipungue mara moja kwa mwezi. Jalada la mvulana huyu lilionyesha wiki tano bila mgeni, na maneno "alikataa kuonana na wageni" mara tano. Yeye alikuwa ameambiwa kwamba mama yake amechoka naye. Mlinzi wa geti, ambaye hakuwa na habari ya lolote, alikuwa akiandika kila anayefika: mama yake alikuja Jumamosi zote tano, akarudishwa zote tano, na kila mara alitia sahihi. Kumtenga mtoto na watu wake ndicho kilichotangulia, kabla ya kipigo na kabla ya stoo, na kilikuwa kimeandikwa waziwazi kwenye daftari ambalo hakuna mkaguzi aliyewahi kuliomba.

Nilimwonyesha mvulana picha hizo nyumbani kwa mama yake mdogo. Aliomba simu ashike mwenyewe, akakuza kila sahihi, akazihesabu kwa kidole.